Kifungo cha Wiki ya Thelathini na Tisa

Kila Jumatatu, kabla ya kuwasha cherehani, fundi alitunga kifungo kimoja cha shati kwenye uzi. Alihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, kama alivyoelezwa kliniki. Kifungo kimoja, wiki moja. Vinne, mwezi.

Leo vilitimia thelathini na sita. Kwa hesabu yake, miezi tisa. Na uchungu haukuja.

Mama mkwe wake naye alikuwa akihesabu. Tangu asubuhi alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mchana aliweka chupa ndogo mezani, kando ya mkasi. Ni dawa ya kuleta uchungu, alisema. Ainywe yote.

"Naogopa, mama."

"Mimi naogopa zaidi. Wangu wa kwanza alipitiliza siku. Alipozaliwa hakulia, mwanangu."

Fundi alifungua chupa. Akaisogeza mdomoni.

Hodi ikapigwa. Alikuwa mkunga wa zahanati, amefuata gauni lake la kazi. Aliinusa ile chupa, akaifunga, akaitia mkobani. Hakuomba ruhusa. Akauliza kama mtoto anacheza. Fundi akasema amepiga mateke tangu alfajiri.

Mkunga akahesabu vifungo. Wiki ni sahihi, alisema, kosa liko kwenye mwezi. Miezi mingi ina wiki nne na siku mbili tatu juu yake. Siku hizo hukusanyika. Tarehe ya kujifungua huwekwa wiki ya arobaini.

"Fundi, gauni langu likiwa na mkono mmoja, utanipa?"

"Sikupi."

"Basi na mtoto bado anashonwa. Mapafu, ubongo. Kabla ya wiki thelathini na saba ni njiti. Ya thelathini na saba na ya thelathini na nane bado ni mapema. Aliyetimia ni wa wiki thelathini na tisa hadi wiki arobaini na siku sita."

"Na akipitiliza?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Arobaini na moja zikifika, mama, mlete kwetu. Usimpe kitu."

Damu ikitoka, maji yakimwagika, au mtoto akipunguza kucheza, waje hapo hapo, aliongeza, bila kuhesabu lolote.

Hofu haikuisha. Kila asubuhi mama mkwe aliweka kiganja tumboni mwa fundi, akangoja teke, ndipo akanywa chai.

Siku tatu baada ya kifungo cha thelathini na tisa, uchungu ulianza. Mama mkwe alikaa kwenye benchi la zahanati, uzi wa vifungo mkononi, macho mlangoni.

Mtoto akalia. Akalia sana. Mkunga akachungulia, akasema ni msichana, mzima, na sasa wanambembeleza.

"Msimnyamazishe kwanza," mama mkwe akasema. "Mwacheni kidogo."