Ganzi Mikononi mwa Mama

Kila alasiri nilipotoka shule nilivua sare, nikanawa mikono na kuingia chumba cha mbele, mama alikosukia wateja. Walimwita Mashine kwa wepesi wa vidole vyake. Kazi yangu ilikuwa kuchambua nywele za bandia na kumpa fungu baada ya fungu.

Nilipokuwa darasa la tano, mama alianza kuangusha chanuo.

"Mkono umekufa ganzi tu," alisema akikung'uta vidole. "Usimwambie mtu. Wateja wakisikia, watatukimbia."

Basi nikawa namalizia mistari midogo mimi, huku mama akipiga soga kwa sauti ili mteja asijue nani anamsuka. "Mashine, leo una mkono mwepesi," mteja mmoja alisema, tukacheka sote. Baba alipouliza mbona vikombe vinakwisha kuvunjika, nilisema nimevivunja mimi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Asubuhi moja mama alishindwa kumfunga mdogo wangu wa mwisho vifungo vya shati. Akaketi kitandani, akiitazama mikono yake kama si yake. Shangazi alipomkuta vile, hakutaka maneno, alitupeleka hospitali.

"Imeanza lini?" daktari aliuliza.

"Wiki tatu hivi," mama alijibu.

Daktari akampaka jeli kwenye kifundo cha mkono, akapitisha kifaa cha altrasaundi taratibu. "Kipimo hiki kinaonyesha pia ugumu wa mshipa," alieleza. "Mshipa wa fahamu wenye afya ni laini. Hebu nawe lete mkono tulinganishe," akaniambia.

Kwenye skrini, mshipa wangu ulionekana mwekundu. Nyekundu ni laini, alisema. Wa mama ulikuwa umevimba, na wote ulikuwa bluu.

"Huu umekakamaa. Na nyama ya chini ya dole gumba imenywea. Wiki tatu haziwezi kufanya hivi, mama. Niambie ukweli, nijue pa kuanzia."

Mama akanitupia jicho. Nililijua jicho lile.

"Ni miaka miwili, daktari," nikasema. "Nilikuwa namsaidia kuficha."

Daktari akamgeukia mama. "Basi bandeji na dawa havitatosha. Tutafanya upasuaji, tuupe mshipa nafasi. Ungekuja mapema ungerudi kusuka. Sasa siwezi kukuahidi."

Mama alilia bila sauti. Leso ilimponyoka vidoleni, nikamfuta machozi mimi.

Miezi sita baada ya upasuaji tulirudi kupimwa. Bluu ilikuwa imepungua, lakini haikuisha. Maumivu yalikwisha, na vifungo aliweza kufunga. Mistari midogo hakuiweza tena. Wateja walikuwa wamehamia kwa msusi mwingine, na chumba cha mbele walilala wadogo zangu.

Tukiwa kwenye benchi nje ya hospitali, nilimwambia, "Mama, ningemwambia baba mwaka ule, ungekuwa unasuka."

Akanishika mkono.

"Wewe ulinitii, mwanangu. Kosa ni langu. Lakini shika hili: mwili ukianza kulalamika, mwambie mtu mapema, kabla hujazoea. Na mtu mzima akikuomba umfichie ugonjwa, usikubali. Hata nikiwa mimi."