Mboga Zisizotaka Joto

Kila siku Mama Mikate aliwasha tanuri kabla majirani hawajaamka. Kulipokucha, harufu ya mikate yake ilikuwa imeshawatoa watu vitandani. Mtaa mzima ulimsifu. Alipoulizwa siri yake, hakuficha. Siri ilikuwa joto, kwa kuwa unga ukipata joto huumuka.

Nyuma ya nyumba alikuwa na kipande kidogo cha ardhi, na alikipenda mno. Palikuwa mahali pekee alipopumzika baada ya moto wa jikoni. Hapo alipanda chainizi, ile mboga ya majani mapana na mashina meupe. Alipanda kama anavyooka. Alichagua chini ya ukuta wa tanuri, penye joto kuliko pote, akazibananisha mbegu kama mikate kwenye trei. Mbegu ziliota upesi, naye akatamba. Lakini kabla majani hayajanenepa, kila mche ulirefuka ukatoa maua ya njano. Majani yakawa machungu kama dawa, na hii ilikuwa mara ya pili.

Mumewe, fundi pikipiki, aliweka tonge kando ya sahani.

"Mke wangu, kwa mikate nakuvulia kofia. Ila bustani imekushinda. Nipe pale nimwage zege, nijenge banda la kazi."

"Nipe msimu mmoja tu, baba."

"Haya, mmoja. Zikichanua tena, namwaga zege."

Mama Mikate alikosa raha. Asubuhi bibi shamba, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa mteja wake, alipokuja kununua mkate, Mama Mikate alimshika mkono, akampeleka bustanini. Mgeni hakuwa na haraka ya kusema. Alipapasa ukuta, akachimbua udongo kwa kidole, akatafuna kipande cha jani. Mama Mikate alimtazama kwa heshima kubwa. Yeye naye huupima unga hivyo, kwa mkono kabla ya mdomo.

"Dada, mbegu zako ni nzima," bibi shamba alisema. "Ila umezipika."

"Nimezipika vipi, na maji nilizipa?"

"Chainizi inapenda ubaridi. Ikibanwa, ikapata joto na kiu, inaharakisha maua ili iache mbegu. Hapo majani yanakuwa machungu."

"Kumbe nilikuwa naumua mboga."

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Sasa nifanyeje?"

"Subiri joto lipungue, majira ya baridi yaanze. Halafu hamia upande ule. Jua la asubuhi linafika, la alasiri nyumba inalizuia. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Mbegu zifukie juu juu tu. Miche ikisongamana, ng'oa mingine uipike, inayobaki iachane kama shubiri moja. Udongo usikauke."

"Na wale wadudu wanaotoboa majani?"

"Una pazia kuukuu la wavu? Simamisha vijiti, funika tuta siku ile ile ya kupanda."

Kusubiri kulimtesa Mama Mikate, maana mikono yake haikuzoea kukaa bure. Akapiga moyo konde. Baridi ilipoingia, hakulaza damu. Alipanda kule kivulini, akafunika tuta kwa pazia, na miche ilipoota akatandaza nyasi kavu kuizunguka ili udongo utunze unyevu, akawa anamwagilia kila akimaliza kuoka.

"Zimechanua?" Fundi aliuliza kila akipita, akicheka.

"Bado, baba. Zege lako lisubiri."

Baadaye Fundi aliacha kuuliza. Akawa anachuchumaa mwenyewe, anainua pazia, anachungulia. Majani yalikuwa manene, ya kijani kibichi, yanang'aa. Mama Mikate alichuma ya pembeni tu, akaacha kiini kiendelee kutoa mengine, kama bibi shamba alivyomwonyesha. Aliyakaanga kidogo kwa kitunguu. Fundi alikula, kisha akasogeza sahani aongezewe.

Siku moja mwashi alipita kuulizia kazi.

"Fundi, lile zege la nyuma tunaanza lini?"

"Nyuma wapi?"

"Si pale ulipotaka banda?"

"Pale haiwezekani," Fundi alijibu kwa uso mkavu. "Pale pana mboga zangu."

Mama Mikate alikuwa tutani, akichuma. Aliposikia hilo "zangu" aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akamkabidhi mumewe ndoo ya kumwagilia.