Moshi wa Shamso

Kila alasiri, jua lilipoanza kulegea juu ya mji wa Modogashe, Shamso alikaa nyuma ya nyumba yao kufukiza vyombo vya maziwa. Vyombo hivyo, ambavyo Wasomali huviita dhiil, vilisukwa kwa nyuzi za mizizi vikakazwa hata tone lisipenye. Shamso aliwasha vipande vya mti aliouchagua mwenyewe porini, akaviingiza ndani vikiwa makaa mekundu, akafunika na kutikisa. Moshi ulipokolea alimwaga makaa, akasugua majivu kwa brashi ya nyuzi, akakiweka chombo kando.

Kazi hiyo wasichana wengi waliifanya, lakini mkono wa Shamso ulikuwa mwingine. Maziwa ya ngamia yaliyotiwa katika vyombo vyake hayakuharibika upesi, na harufu yake ilikuwa nzuri ajabu. Madereva wa malori ya Garissa na Isiolo walisimama njia panda wakamwambia mama yake, Hinda, "Tupe yale ya Shamso." Hinda aliyapima maziwa akitabasamu. Msichana wa miaka kumi na sita kujulikana kwa jina hadi Isiolo si jambo dogo.

Mdogo wake, Abdimalik, alikuwa na miaka kumi na mitatu na alisoma darasa la saba. Yeye naye alijulikana, walau shuleni, kwa sababu hakuna aliyemfikia katika somo la sayansi. Jambo hilo alilijua vizuri, na kama ulikuwa hulijui, angekujulisha mwenyewe kabla hujakaa kitako.

Ijumaa moja ya mwaka 1996, asubuhi, Mwalimu Dagane aliwapeleka wanafunzi wake kwenye laga, ule mto mkavu ulio karibu na shule. Waliokota kila walichokiona, wakarudi kukipanga mezani katika makundi. Tawi la mgunga lilikaa na wazalishaji, kwa kuwa mimea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Panzi na kupe walikaa na walaji. Uyoga uliomea kwenye kinyesi cha ngamia uliwekwa na waozeshaji, ambao huyarudisha mabaki udongoni.

"Huu wote ni mfumo mmoja wa ikolojia," alisema Mwalimu Dagane. "Mmoja akiguswa, mwenzake hutikisika."

Mvulana mmoja aliyeitwa Hanad alikuwa ameokota kipisi cha sigara barabarani. Alikiweka pamoja na mawe, upande wa vitu visivyo na uhai. Mwalimu akakichukua. "Lakini kilichomo humu kiliwahi kuwa hai. Ni nini?"

Abdimalik hakungoja kutajwa. "Ni tumbaku, mwalimu. Ni mmea, kwa hiyo ni mzalishaji. Uko katika jamii moja na nyanya, biringanya na pilipili. Majani yake yana sumu iitwayo nikotini, nayo huukinga dhidi ya wadudu."

"Vizuri sana. Sasa, kati ya walaji wote duniani, ni yupi anayeijua sumu hiyo halafu akaifuata mwenyewe kwa miguu yake?"

Darasa zima lilicheka, kwani jibu lilikuwa binadamu. Abdimalik alicheka kuliko wote, huku mfukoni mwake mkiwa na sigara nzima.

Sigara hiyo alipewa na Kulow, utingo wa lori lililokuwa likingoja kutengenezwa njia panda. Kulow alikuwa akimwita "msomi", na neno hilo lilimlevya Abdimalik kabla hata ya tumbaku. "Shika fegi, msomi," alimwambia. "Ama bado unaogoba hooyo?" Abdimalik hakutaka kuonekana anamwogopa mama yake. Mara ya kwanza alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Hii ilikuwa mara ya tatu, na sasa alijiona mtu mzima.

Alikuwa amepata pia mahali pa kuvutia. Kila nyumba ingenusa moshi wa sigara, isipokuwa nyumba inayofukizwa kila siku. Jioni hiyo Shamso alipoingia ndani kuswali, Abdimalik alichuchumaa kando ya makaa yake, akawasha, akavuta. Aliona ni ujanja mkubwa kweli, kujificha ndani ya moshi wa dada yake.

Ghafla akasikia kandambili za mama zikija. Akaizima sigara mchangani. Mkono uliokuwa nyuma ya mgongo ukagusa mdomo wazi wa dhiil, naye akakidondosha kipisi humo.

"Unafanya nini hapo?" aliuliza Hinda.

"Naangalia makaa, hooyo."

"Yaangalie basi, yasikimbie." Hinda alicheka, akavifunga vyombo vyote, akavibeba ndani. Abdimalik alijiambia kwamba atakitoa kile kipisi baadaye. Lakini baada ya chakula usingizi ulimchukua, na maziwa kutoka kwa ngamia wa baba yao yalifika alfajiri yeye akiwa bado anakoroma.

Aliamshwa na sauti ya mama yake. Ilhan, mdogo wao wa miaka mitatu, alikuwa amekunywa kikombe chake cha kwanza. Alisema ni machungu, mama akambembeleza amalize. Sasa alikuwa akitapika mfululizo. Udenda ulimtoka, jasho lilimlowesha, na uso wake ulikuwa umekwajuka.

Hinda alikifungua kile chombo, akanusa, akamgeukia binti yake mkubwa. "Shamso, ulichoma mti gani?"

"Ule ule wa siku zote, hooyo."

"Ule ule hauwezi kumfanya mtoto hivi. Uliokota kuni bila kuangalia."

"Wallahi niliangalia."

Hinda hakutaka kusikia. Alimwaga maziwa ya vyombo vyote mchangani, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa uani, na huko maziwa hayamwagwi ovyo. "Usiguse tena vyombo vyangu," alisema, kisha akambeba Ilhan na kukimbilia zahanati.

Watu walipotawanyika Abdimalik alikiinamisha kile chombo, na kipisi kikateleza nje, kichungi chake kikiwa kimevimba kwa maziwa. Angeweza kupaza sauti wakati huo. Badala yake alikifukia haraka chini ya boma la miiba.

Alipogeuka alimkuta Shamso ameketi chini na kuni zake. Alikuwa akizinusa moja baada ya nyingine, machozi yakimchuruzika. "Walaal, ndugu yangu," alisema, "wewe umesoma mambo ya mimea. Hebu uangalie huu mti. Unaweza kuwa na sumu?"

Abdimalik alikishika kile kipande cha mti. Alijua kabisa ni safi. Alijua pia kwamba akisema ni safi, swali litakalofuata litamhusu yeye.

"Labda," alijibu.

Shamso aliinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa. Aibu ya Abdimalik ilikuwa kali kuliko moshi wowote aliowahi kuuvuta, na hata hivyo hakuufungua mdomo wake.

Mchana uliingia kabla mtu hajapata jibu. Katika zahanati, Daktari Adow alikuwa amemlaza Ilhan na kumpa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Lakini alikuwa na wasiwasi. "Nisipojua sumu ni ya nini, sitathubutu kumweka hapa," alimwambia Hinda. "Kuna miti inayoharibu moyo. Lori linaondoka saa nane kwenda Garissa. Barabara ni mbaya na mtoto amedhoofika, lakini tutafanyaje?"

Shamso alikuwa amekuja na kuni zake kwenye kanga, na Mwalimu Dagane alikuwa ameitwa azitazame. Alizigeuza zote. "Mimi naona ni mti unaotumiwa na kila mtu hapa," alisema. "Ila pengine kuna jambo sijui." Akamwona Abdimalik mlangoni. "Njoo, bingwa wa mimea. Unaona nini wewe?"

Watu wote walimtazama. Ilhan alikuwa amelala kwenye mkeka akihema kwa shida, na vidole vyake vidogo vilishika ncha ya shuka ya mama. Abdimalik alijaribu kusema "labda" mara ya pili. Halikutoka.

"Si mti," alisema. "Ni tumbaku. Nilivuta sigara nyuma ya nyumba, nikakitupa kipisi ndani ya dhiil. Shamso hana kosa."

Mwalimu Dagane alitazama chini, na hilo lilimwuma Abdimalik kuliko kofi. Daktari ndiye aliyeuliza. "Kilikuwa kikubwa kiasi gani? Kiko wapi?"

Ilibidi akakifukue. Alirudi akipitia sokoni, amekibeba kile kitu kichafu kwenye kiganja, mbele ya wafanyabiashara waliokuwa wamesikia tayari kwamba binti wa Hinda ametia watu sumu. Walimuuliza amebeba nini, naye akawaambia. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Modogashe siku hiyo ilikuwa ngumu kama ilivyo siku zote.

Daktari Adow alikipasua kipisi kwa ncha ya mkasi. "Tumbaku nyingi bado imo humu, na sumu aliyoinywa aliitapika mapema. Alhamdulillahi. Sasa najua ninapambana na nini. Safari ya Garissa haipo. Nitakaa naye hapa na kumwangalia." Kufika alasiri udenda ulikuwa umekoma. Magharibi ilipoadhiniwa, Ilhan alidai chapati.

Hinda hakumpiga mwanawe. Alimwita Shamso kwanza, akamshika mikono yote miwili. "Nimekudhulumu mbele ya watu, binti yangu. Nisamehe." Shamso alimkumbatia, wakalia pamoja. Abdimalik alisimama kando, hakuna aliyemwita, na akaona ni haki yake kusimama kando.

Asubuhi iliyofuata Hinda alimpeleka Abdimalik njia panda. Vyombo vilikuwa vimejaa, lakini wateja walipita bila kununua. "Maneno yaliyoharibu jina la dada yako yalienea kwa midomo," alisema. "Wewe pia una mdomo. Utumie."

Basi kila gari liliposimama, Abdimalik alisimama mbele ya dereva na kueleza. "Maziwa hayakuwa na kosa. Mimi nilivuta sigara nikatupa kipisi ndani ya chombo. Dada yangu hufukiza kwa mti safi." Wengine walimcheka. Mzee mmoja alimwita mpumbavu. Kulow, akiwa juu ya lori lililokwisha kutengenezwa, alijifanya hamjui. Kufika adhuhuri sauti ilikuwa imemkauka na bado hakuna aliyenunua.

Ndipo dereva mmoja wa Isiolo, mteja wa zamani, akashuka. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Na jana, walipomlaumu dada yako, ulisemaje?"

Abdimalik alimtazama Shamso, aliyekuwa ameketi nyuma ya vyombo vyake. "Aliniuliza kama mti wake una sumu. Nilijua hauna. Nikamwambia labda."

Hilo hakuwa amelisema mahali popote, hata zahanati. Shamso aliinua macho. Yule dereva alitikisa kichwa polepole, akanyoosha kikombe chake kumpita Abdimalik. "Nipimie wewe, binti."

Shamso alimpimia. Dereva akanywa hadi mwisho mbele ya watu wote, akaomba kingine. Watu wengine wakaanza kusogea.

Jioni, walipokuwa wakirudi nyumbani na vyombo vitupu, Hinda alimwambia mwanawe, "Tumbaku ina sumu, nawe ulilijua hilo kwa kusoma. Sasa umeona inavyofika kwa mtu ambaye hata kuivuta hajui. Usiiguse tena. Lakini nikuambie kilichoniliza. Kuvuta ni ujinga wa mtoto, na mtoto hufundishwa. Kumwona mwenzako analia kwa kosa lako nawe umenyamaza, huo si ujinga. Elimu yako yote haina kazi kama huwezi kusema kweli wakati inakugharimu."

"Nimesikia, hooyo," alisema Abdimalik. Kisha akamgeukia dada yake. "Abaayo, nisamehe. Kwa lile neno hasa."

Shamso alimtwika vyombo vyote alivyokuwa amebeba. "Kesho utakuja nami porini kutafuta kuni," alisema. "Nitakuonyesha mti wangu, uujue vizuri, ili siku nyingine ukiulizwa usibahatishe."