Aliyeniitikia Mlimani

Ijumaa ile nilipanda mlima wa makaburi jua likizama. Mkononi nilibeba vijiti vya udi na kuku aliyeokwa kwa chumvi. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya mbio za farasi za kesho yake. Nilikuwa nakwenda kumwona mama yangu. Naona haya kusema, lakini sikuwa na hamu naye. Nilikuwa nakwenda kumwomba farasi.

Pale Ipoh, mji wetu huku Malesia, watu walinijua kwa kazi ya kuchagua farasi wa kuwekea dau. Sikuwa nikitafuta farasi bora, maana farasi bora kila mtu anamjua, na akishinda malipo yake hayanunui hata kikombe cha kahawa. Mimi nilitafuta farasi aliyedharauliwa kuliko anavyostahili. Huyu alishindwa kwa sababu ya matope, yule alibanwa kwenye kona. Watu wanaona kashika mkia tu, wanamtupa, malipo yake yanapanda mpaka yanakuwa ya kichaa. Hapo ndipo mimi naingia. Zamani mgahawa mzima ulikuwa unanifuata.

Kisha bahati ikanigeuka. Wiki baada ya wiki farasi wangu walimaliza wa mwisho.

"Ah Hoong, hebu tutajie farasi wako wa kesho!" Kam Weng, muuza kahawa, alinipigia kelele asubuhi ile mbele ya watu. "Tutajie tujue wa kumkwepa!"

Mgahawa ukaangua kicheko. Nami nikacheka, masikio yakiniwaka moto.

"Nimebakiwa na watatu kwenye mbio kubwa," nilisema. "Mmoja wao wamemkosea malipo kabisa. Ila sijui ni yupi."

Kam Weng akainama kunimiminia kahawa, akashusha sauti. "Mwezi wa saba wa Kichina huu, bwana. Wafu wako nje. Wenzako wanaomba namba kwenye makaburi ya watu wasiowajua. Wewe una mama yako mzazi kule juu, unangoja nini?"

Sikuwa nimekanyaga mlimani tangu tulipomzika. Siku ya kusafisha makaburi haikukosa kunikuta na udhuru: mara mbio, mara nimelala nimechoka na mbio za jana. Dada yangu Yoke Sim ndiye aliyekuwa akienda.

Basi nikafika, na nyasi zilinifika kiunoni. Makaburi yote yalifanana. Nilikumbuka bomba la maji... au nilidhani nakumbuka. Nikalipata bomba, na kando yake jiwe lenye picha iliyofutika na mvua. Zilibaki nywele na kidevu cha mwanamke.

Ni yeye, nikajiambia. Giza lilikuwa linaingia na sikutaka kuendelea kutafuta.

Nikamwekea kuku, nikawasha udi, nikapiga magoti. "Ma, ni mimi. Mwanao Hoong."

Nikatoa sarafu mbili. Zikianguka moja kifudifudi na nyingine chali, mfu amekubali.

"Ma, upo?"

Zikakubali.

Namba nne? Zikakataa. Namba saba? Zikakataa. Namba tisa, Taji la Bati, farasi mzee ambaye hata mwenye naye alishamkatia tamaa?

Zikakubali. Nikarusha tena. Zikakubali tena.

"Ahsante, Ma! Ahsante, Ma!"

Chenene wakanyamaza. Wote, kwa pamoja. Upepo haukuwepo, lakini harufu ikanijia... mafuta ya nazi ya kupaka nywele, yaliyochacha.

Kisha mnong'ono, karibu kabisa na sikio.

"Umekula?"

Kila mtoto wa kwetu anafundishwa: mwezi wa saba, jua likishazama, ukisikia sauti usiitike. Lakini lile ndilo swali la mama zetu wote. Mdomo wangu ulitangulia akili.

"Bado, Ma."

Mnong'ono haukurudi. Nilishuka mlima ule mbio, na karatasi yangu nimeishika kifuani.

Kesho yake ilinyesha. Taji la Bati alikuwa mpenda matope, jambo ambalo watu walishalisahau, na ukiweka ringgit moja juu yake walikuahidi hamsini. Alibaki nyuma mpaka kona ya mwisho. Akatoka nje, peke yake, akawapita mmoja mmoja. Jukwaa zima lilinyamaza. Alipovuka mstari, aliyekuwa akipiga kelele ni mimi tu.

"Mwanangu huyo..."

Sauti ilitoka nyuma yangu, imejaa fahari. Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Nywele zilinisimama. Lakini Kam Weng alishanikumbatia, watu walishaanza kuniita mwalimu, nami nikajiambia ni Ma. Nani mwingine? Nikatembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Naishi peke yangu. Nilipofungua mlango, harufu ya mafuta ya nazi ilinipokea.

Mezani palikuwa na bakuli la wali, unafuka moshi. Juu yake vilipangwa vipande vya kuku. Kuku wa chumvi. Sisimizi walikuwa wakitembea juu yake, na majani ya mlimani yalikuwa yameganda kwenye ngozi.

Jikoni mtu akaburuta miguu.

"Kula, mwanangu... kitapoa."

Sijui nilifikaje kwa dada yangu. Alinifungulia akiwa na nguo ya kulalia, akanikalisha.

"Da Sim, Ma amerudi. Nilikwenda kumwomba farasi, sasa yuko jikoni kwangu."

Hakushangaa. Aliuliza tu, "Ulimpelekea nini?"

"Kuku."

Aliniangalia mpaka nikainamisha uso.

"Ma hakula nyama, Hoong. Ulipougua ukiwa mchanga, aliapa hekaluni mbele ya mungu Kuan Yin kwamba ukipona hatagusa nyama tena. Ukapona. Mpaka anaingia kaburini hakuonja. Hujui hilo?"

Sikulijua. Nilikula naye meza moja miaka yote ile na sikuwahi kutazama bakuli lake. Nilitamani sakafu inimeze.

"Ulikwenda kaburi lipi?"

"La karibu na bomba."

Da Sim akafumba macho. "Ma yuko juu, karibu na ukuta. Pale bombani tulisimama kunawa mikono tu siku ya maziko."

Jumapili mchana alinipeleka. Tulilipita kwanza lile la bombani. Nyasi zake zilikuwa zimelala, na karatasi niliyomfungia kuku ilikuwa imelambwa ikawa nyeupe. Upande wa jiwe panapochongwa majina ya watoto palikuwa laini, hapakuchongwa kitu.

"Huyu alikufa bila mtoto," dada alinong'ona. "Hana wa kumfukizia udi. Na wewe ukaja ukampigia magoti, ukamwita Ma. Ulimwita mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

Kaburi la mama yetu lilikuwa safi. Jina langu lilikuwa pale kwenye jiwe, mtoto wa kiume, na rangi yake nyekundu ilikuwa mbichi. Dada ndiye aliyekuwa akilipaka upya kila mwaka. Sikuweza kulitazama.

"Mwite," alisema. "Muombe radhi. Ni mama, atakusikia."

Nikapiga magoti. Machozi yalikuwa yananitoka, na kwa mara ya kwanza tangu afe nilikuwa na hamu naye.

"Ma..."

"Abee, mwanangu."

Sauti ilitoka chini, kule bombani.

Da Sim aliisikia. Nikajaribu tena, kwa sauti ya chini, midomo karibu na jiwe ili asikie yeye tu.

"Ma..."

"Abee, mwanangu. Nakuja."

Ilikuwa imesogea. Majani makavu yalianza kuvunjika, taratibu, yakipanda njia tuliyopanda sisi.

Dada akaniziba mdomo kwa kiganja. "Usiite tena," alisema akilia. "Hoong, usiite tena kamwe."

Kisha akageukia jiwe, akaniombea radhi yeye. Mimi nilibaki nimepiga magoti mbele ya jina langu, meno nimeyauma, nikisikia nyayo zikija, na mama yangu mzazi yuko hapo mbele yangu, siwezi kumwita.