Nukta Niliyoipandisha

Kila Jumamosi asubuhi shangazi hunichukua twende ofisini kwake chuoni. Yeye hukaa kwenye kompyuta, mimi hukaa dirishani na kazi zangu za shule. Shangazi ni profesa wa uhandisi wa ndege. Huhesabu jinsi hewa itakavyolipita bawa kabla bawa lenyewe halijatengenezwa. Baba, ambaye ni kaka yake, humwita Mama Upepo, na humtania kwamba analipwa kwa kutazama kisichoonekana.

Jumamosi moja nilimwonyesha grafu yangu. Jumatatu mwalimu wetu wa sayansi angechagua kazi moja ya darasa letu ya kupeleka kwenye maonyesho ya sayansi, na nilitaka sana iwe yangu. Nilikuwa nimeweka bawa la kadibodi juu ya mizani ya jikoni, mbele ya feni. Kila nilipoinua ukingo wake wa mbele, upepo ulilinyanyua zaidi, na mizani ikaonyesha uzito mdogo zaidi. Grafu ya nguvu hiyo ya kunyanyua ilipanda kama ngazi.

Shangazi aliweka kidole juu kabisa ya mstari.

"Nukta hii ya mwisho uliipima?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mara ngapi?"

Nilimeza mate. "Mara tatu. Kila mara ilishuka. Nikaona inaniharibia grafu, nikaipandisha kidogo."

Niliona aibu, nikangoja kukaripiwa. Yeye akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya bawa yenye rangi nyingi. Siku zote nilidhani ni tuzo yake.

"Unaionaje ile?"

"Nzuri sana."

"Nzuri, lakini si kweli. Niliitoa kwenye kompyuta nilipokuwa kijana. Kompyuta huigawa hewa vipande vidogo vidogo na kuhesabu kimoja kimoja. Mimi nilikuwa na haraka, nikaigawa vipande vikubwa. Nilipoionyesha mkutanoni, fundi mmoja wa mitambo ya upepo akaniuliza, 'Dada, bawa lako haliishiwi nguvu hata likiinuliwa namna hiyo?' Ukumbi mzima ukacheka. Nilitamani ardhi ipasuke."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema sijui. Nikarudi kuhesabu upya, mwaka mzima. Bawa likiinuliwa kupita kiasi, hewa inashindwa kuufuata mgongo wake, inabanduka, na bawa linaacha kubeba. Ndege inaweza kuanguka hapo. Nimefanya kazi miaka ishirini na minane palepale nilipokosea."

"Kwa hiyo nukta yangu ilikuwa sahihi?"

"Hiyo ndiyo iliyokuwa na habari, nawe ukaiziba mdomo."

Nilichora grafu upya kwenye karatasi safi. Ile ya kwanza shangazi aliniomba nimwachie.

Jumatatu jirani yangu wa dawati aliicheka grafu mpya. "Ngazi yako imevunjika juu." Mwalimu wa sayansi hakucheka. Aliniuliza kwa nini mstari unashuka, nami nikaeleza hewa inavyobanduka. Akataka kujua nilipima mara ngapi. Nilipomwambia mara tatu, na kwamba mwanzoni nilikuwa nimeibadilisha nukta ya mwisho, aliiandika kazi yangu kwenye orodha ya maonyesho kuwa ndiyo ya darasa letu.

Jumamosi iliyofuata niliikuta grafu yangu ya uongo imetundikwa kando ya picha ya shangazi.

"Tutaonekana vibaya sote wawili," nilimwambia.

"Kukosea si aibu, mwanangu, mradi usifiche," alisema, akiiweka sawa kwa kidole. "Ukipima, andika ulichokiona, hata kama hakikupendezi. Watu hawasafiri kwa grafu. Wanasafiri kwa ndege."