Abiria Aliyekataa Kushuka

Jioni moja mwaka wa sitini na nane, Nashon alitoka mjini na chupa ya dawa ndani ya koti, akikanyaga baiskeli kurudi Mutuini. Bintiye Awiti alikuwa na nimonia, pumzi zinakwaruza. Daktari alisema anywe dawa ile kabla ya usiku, la sivyo wasilaumiane.

Kwenye daraja, chini ya mlima mkali, bibi kizee alikuwa amesimama peke yake.

"Nibebe, mwanangu. Mpaka juu tu."

Nashon ni mtu wa kanisa. Akamkalisha kwenye keria.

Sasa, kila mwenye baiskeli wa huko anajua: mlima ukianza, abiria hushuka mwenyewe, mkatembea pamoja.

Yule bibi hakushuka.

"Mama, shuka kidogo. Hapa hata chifu hushuka."

Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi...

Nashon akashuka yeye, akasukuma. Bibi alikuwa mwembamba kama ufito, lakini keria ililia, kriii... kriii... Kila hatua uzito uliongezeka. Akataka kuiachilia baiskeli akimbie. Vidole vikakataa kufunguka.

Jua likazama.

"Mama, mtoto wangu anakufa!"

"Basi nitajie mwingine wa kunibeba," akanong'ona, pumzi yake baridi shingoni.

Hapo mcha Mungu angelitaja jina la Yesu. Nashon akataja la jirani yake.

"Nzomo! Huyo ana mgongo wa fahali!"

Keria ikawa nyepesi. Nyuma, hakuna mtu.

Huko juu akamkuta Nzomo amepiga magoti barabarani, paji la uso kwenye vumbi. Kando yake Awiti amelazwa juu ya koti, akikohoa.

"Ndugu yangu... mtoto alizidiwa, nikambeba tukupokee njiani. Kitu kikanirukia mgongoni. Nikawahi kumweka chini." Uti wa mgongo wake ukaalika, ka! "Kinasema nimetajwa. Nashon... nani amenitaja mimi?"

Nashon akafungua chupa, akamnywesha mtoto.



Awiti alipona. Nzomo hajanyooka mpaka leo. Kanisani huona viatu vya watu tu, na kila Jumapili husimama, kama huko ni kusimama, akamshukuru Mungu kwa jirani mwema anayemshika mkono.

Mkimkuta, msalimieni. Lakini tafadhali, msimwambie.