Picha za Kiti cha Dirishani

Roboti ilisimama mbele ya kiti kitupu, ikakataa kupita.

Mtafiti alikisogeza kiti, akakirudisha. Ikasimama tena. Kwenye skrini mraba wa kijani ulikuwa umekizunguka, na juu yake neno moja: MTU. Hapo ndipo aliposikia harufu ya udongo mbichi, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa.

Ilikuwa roboti ndogo ya kubebea dawa wodini, nayo ilitakiwa ione vizuri kwa umeme kidogo. Ujana wote wa mtafiti ulikuwa umeishia humo. Kila iliposimama kumchunguza huyo wa kitini, betri ilinyonywa kama ng'ombe na ndama wake, na wiki ile ile angesimama mbele ya watahini kuitetea shahada yake ya uzamivu, mama yake akiwa safu ya kwanza.

Fundi wa maabara, ambaye hakupitwa na utani hata msibani, siku hiyo hakutania. "Dada," alisema kwa sauti ya chini, "mashine haina sababu ya kusema uongo. Tumtafute mtu aje akisomee chumba hiki."

Msimamizi wa utafiti alipoambiwa alicheka, akasema wao ni watu wa vipimo, si wa hirizi. "Ifundishe isimwone. Kisichoonekana hakili umeme."

Basi akaifundisha. Aliiacha ikipiga picha za kiti mchana kutwa, maelfu kwa maelfu, kisha akazitia zote alama moja kwa mkupuo, bila kuzikagua: SI MTU. Haraka haina baraka, lakini nani asiye na haraka mwaka wa mwisho? Alisahau kwamba soketi pekee iliyokuwa nzima ilikuwa pale dirishani, na kwamba alishinda amekikalia kiti kile kile kilichokuwa kikipigwa picha, kompyuta mapajani, shingo ikipata ubaridi kama wa mtu anayempulizia kwa nyuma.

Mtihani ulifanyika mle mle maabarani. Roboti ilisimama kwa adabu mbele ya kila mtahini, na betri haikushuka. Wakapiga makofi. Ikafika zamu ya mtafiti kusimama njiani.

Roboti haikupunguza mwendo. Ilimgonga magoti akaanguka, na alipoinua macho kwenye skrini aliona kila aliyekuwemo chumbani ana mraba wake isipokuwa yeye, na mraba mmoja usio na mtu ndani ukiinuka kutoka kwenye kiti cha dirishani, ukipita polepole kati ya watu, ukienda kusimama mbele ya watahini pale alipopaswa kusimama yeye, huku harufu ya udongo mbichi ikijaa chumba kizima na asiwepo hata mmoja wa kuziba pua.

Aliita. Hakuna aliyegeuka. Alimshika Fundi mkono. Fundi akajikuna pale pale. Msimamizi alikuwa ameunyooshea utupu mkono wake, akiuita daktari.

Mama yake aliinuka na machozi ya furaha, akampita, akaikumbatia hewa.

"Hongera, mwanangu," alinong'ona. "Mbona una baridi hivi?"